Tarakimu Kutoka Kidoleni Hadi Kwenye Skrini

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wazee wenzangu wa shule hii, nanyi vijana mnaojiundia kikokotoo:

Nimeombwa niseme machache. Nitasema juu ya safari ya tarakimu, tangu kitufe kibonyezwe hadi isomeke.

Kibao chenu kina vitufe 16 lakini nyaya 8 tu: 4 za safu za kulala na 4 za safu za kusimama. Chipu huipa kila safu ya kulala zamu yake, kisha huangalia ni waya gani wa kusimama umeungana nayo. Hapo zinapokutana ndipo penye kitufe kilichobonyezwa.

Mkibonyeza 7 skrini ikaandika 777, msikimbilie dukani. Mfuko wa klabu ni mdogo. Huenda kitufe ni kizima, ila vyuma vyake hurukaruka kabla ya kutulia. Iamuruni chipu ingoje milisekunde 20 hivi, itazame tena, na isihesabu bonyezo jingine mpaka kidole kiondoke.

La pili: skrini hupokea alama, si kiasi. Katika msimbo wa ASCII, alama ya 2 ni 50, na ya 3 ni 51. Mkizijumlisha hivyo mtapata 101! Toeni kwanza 48 katika kila moja. Na 4 ikifuatwa na 7, zidisheni 4 kwa 10, ongezeni 7: ndiyo 47.

Vijana, kikokotoo cha kununua kitawapa jibu. Hiki chenu kitawapa sababu ya jibu. Basi msiingie hatua ya pili kabla ya kuielewa ya kwanza.