Dawa ya Kupaka au Dawa ya Kumeza?

Hotuba kwa wazazi na walimu wa Meru na Embu



Leo yafaa tuzungumze juu ya maradhi ambayo wengi huyadharau kwa kuwa hayaui mtu, nayo ni mapunye ya kichwani, choa cha mwilini, na kuvu ya kucha. Tangu Maua mpaka Siakago hakuna asiyeyajua. Lakini watu wengi hupoteza fedha na miezi mingi kwa kutumia dawa isiyofika mahali penye ugonjwa. Basi tuulize: ni lini tupake, na ni lini tumeze?

Kwanza tujue adui anakaa wapi. Choa kikiwa mkononi au tumboni, kuvu i juu juu ya ngozi, na dawa ya kupaka huifikia. Marhamu ya Whitfield, iliyotumika tangu mwanzo wa karne ya 20, au krimu ya klotrimazoli, kwa kawaida hutosha. Krimu hiyo hupakwa mara mbili kwa siku, kupita kidogo ukingo wa kiraka, na kuendelea wiki moja au mbili baada ya alama kutoweka. Anayeacha siku ile mwasho unapokoma amekata shina akaacha mizizi. Choa kikienea mwili mzima, mwone daktari.

Mapunye ni jambo jingine. Hapo kuvu imeingia ndani ya unywele wenyewe, hata chini ya ngozi, na mafuta yapakwayo juu hayafiki huko. Mama aweza kumpaka mwanawe tangu kupanda mahindi mpaka kuyavuna, na kichwa kisipone. Tena yakipuuzwa, mapunye huweza kuvimba na kutoa usaha, na penye kovu nywele hazioti tena.

Mtoto huyo hapana budi ameze dawa. Griseofulvini ilipatikana mwaka 1939, nayo ilianza kutumiwa kuponya watu wenye maradhi haya mwaka 1958. Humezwa kila siku kwa wiki 6 hadi 8, au zaidi, pamoja na chakula chenye mafuta, kama maziwa au parachichi, ili mwili uipokee vema. Dawa nyingine, terbinafini, mara nyingi humezwa kwa wiki 4. Kipimo hufuata uzito wa mtoto; kwa hiyo apelekwe zahanati, wala asigawiwe vidonge vya ndugu yake.

Kucha nazo ni ngumu kupenywa na mafuta. Terbinafini humezwa kwa wiki 6 kwa kucha za mikono, na wiki 12 kwa za miguu.

Huenda mtu akauliza, mbona basi tusimeze kila mara? Ni kwa sababu dawa ya kumeza hupita mwilini mote, na nyingine huweza kudhuru ini. Mwaka 2013 wakuu wa dawa wa Ulaya walishauri vidonge vya ketokonazoli visitumiwe tena kwa maradhi ya kuvu, kwa ajili ya madhara hayo. Griseofulvini haimfai mwenye mimba, na mwanamume aliyeimeza asitafute mtoto mpaka miezi 6 ipite. Mwenye ugonjwa wa ini, au anayetumia dawa nyingine, amwambie daktari kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.

Jihadharini pia na krimu zilizochanganywa na steroidi. Hutuliza mwasho kwa siku chache, huku kuvu ikienea.

Na dawa peke yake haitoshi. Watoto wasiazimane vitana wala kofia. Kinyozi asafishe mashine yake baada ya kila kichwa. Na ndama mwenye viraka vya choa atibiwe, maana huambukiza wanaomhudumia. Mtoto mmoja akiugua, wote wa nyumba ile wachunguzwe.

Kwa ufupi, kiraka cha ngozi, paka. Nywele na kucha, meza kwa agizo la daktari. Na kila dawa uliyoianza, imalize.