Pesa Ndogo Kati ya Marafiki: Maneno kwa Familia Zilizokimbia na Viongozi Wao



Tumekuja kuongea juu ya jambo linaloonekana dogo: mwanafunzi kumtumia rafiki yake dola mbili au tatu kwa simu. Vijana wanataka kutengeneza programu ya kazi hiyo, nasi tunawaunga mkono. Lakini ikitengenezwa vibaya, inaweza kumwumiza yule yule inayetaka kumsaidia.

Hali mnaijua kuliko sisi. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewaondoa watu Oicha, Mbau, Eringeti na kwingine. Mzazi aliyelipa masomo kwa kakao yake hafiki tena shambani. Mtoto yuko chuoni Butembo, kilometa 54 hivi kutoka Beni, na anakula kwa sababu rafiki amemkumbuka.

Pesa ya simu si jambo geni kwetu. M-Pesa ya Vodacom iliingia Congo mwaka 2012, na Airtel Money na Orange Money zipo. Basi programu mpya ni ya nini? Tunaona isiwe benki. Wanafunzi wasishike pesa ya mtu hata franka moja. Ibaki kwa kampuni zenye ruhusa ya Benki Kuu ya Congo. Programu iwe mjumbe tu: iwawezeshe marafiki kumi kumchangia mmoja, na kukumbushana zamu, kama tunavyofanya katika likelemba.

Kenya inatufundisha kitu hapa. Mwaka 2005 Safaricom ilijaribu M-Pesa ili watu warudishe mikopo kwa simu. Watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na watengenezaji wakawafuata. Ilipofunguliwa Machi 2007, kazi yake ilikuwa kutuma pesa nyumbani. Mwanzoni mwa 2008, wakati wa fujo za baada ya uchaguzi, wengi waliofungiwa mitaani walipata msaada wa ndugu kwa njia ya simu.

Kwa hiyo tuanze na maisha yenu. Wengi wana simu ndogo ya vibonye, na intaneti ni ghali. Programu ifanye kazi pia kwa kupiga namba fupi inayoanza na nyota, na iseme Kiswahili na Kinande, si Kifaransa peke yake.

Kisha kuna jina. Kabla ya kutuma, ni lazima uone jina la anayepokea, maana tarakimu moja ikikosewa pesa imekwenda kwa mgeni. Lakini kwetu jina linaweza kusema mtu ametoka wapi. Liwe jina ambalo rafiki mwenyewe amechagua, pamoja na mwisho wa namba yake.

Hili la kufuata ndilo linalotutia hofu zaidi. Mtu mwenye silaha akikufungulia simu barabarani na kuona orodha ya uliowatumia pesa, anaweza kusema unalisha adui. Programu isiweke orodha hiyo ndani ya simu, isionyeshe mahali mtu alipo, na isifunguke bila namba ya siri. Hata hivyo, kampuni ya simu inahifadhi kumbukumbu zake. Wanafunzi waambiwe hivyo waziwazi.

Wamama walituomba tuseme na hili: msichana akitumiwa pesa na mvulana asiyemtaka, deni linakuwa kamba. Basi anayepokea awe na uwezo wa kukataa, na pesa irudi ilikotoka bila maneno mengi.

Kuna pia wanaokimbia usiku na kupoteza simu pamoja na kadi ya mpiga kura, ambayo kwa wengi ndiyo kitambulisho. Pesa iliyo katika namba ya zamani ni juu ya kampuni. Lakini kundi la marafiki lisipotee: wawili wanaomfahamu wakithibitisha namba mpya, arudishwe kundini.

Tunapendekeza jaribio la mwezi mmoja, kwa franka kidogo, kundi moja Beni na lingine Butembo. Wazee, tuchagulieni baba mmoja na mama mmoja kila upande wa kupokea malalamiko. Wanafunzi watawaletea kwanza karatasi zenye michoro ya kila hatua, na mahali mtakaposema hapana, watachora upya.