Kiduha Hula Kabla Hujakiona



Nimekuja kusema habari ya kiduha, lile jani lenye maua ya zambarau mnaloliona kila mwaka katika mahindi na mtama. Wako wasemao kwamba shamba limerogwa. Sivyo. Mimi mwenyewe nilipokuwa chuo cha ualimu tulipewa kishamba cha mahindi. Tukapalilia mara mbili, tukajisifu, na bado mahindi yakawa manjano, yamedumaa. Kiduha huota chini ya udongo, hushika mzizi wa nafaka, hunyonya maji na chakula kwa wiki kadhaa kabla hakijachomoza. Ukikiona juu, wizi umekwisha tendeka.

Basi kwa nini tuking'oe? Kwa ajili ya mwaka ujao. Mche mmoja waweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, nazo huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja mzizi. Upepo, maji ya mvua, kwato za ng'ombe, hata jembe la kuazima, vyote huzichukua. Ndiyo maana bidii ya mtu mmoja ni bure ikiwa jirani amekiacha kichanue. Na niseme wazi: wamo wenye kadi za chama humu ambao mashamba yao ni zambarau tupu.

Ng'oeni kabla ya maua. Kilichokwisha chanua kisitupwe mpakani; kitiwe guniani, kikachomwe. Kiduha hupenda udongo uliochoka, kwa hiyo samadi isilale zizini. Msimu mmoja pandeni pamba au karanga: mizizi yake huiamsha mbegu ya kiduha, nayo ikiamka haipati cha kunyonya, hufa.

Kule Mbita, Kenya, kando ya ziwa letu hili hili, wataalamu walianza katika miaka ya 1990 kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, na majani ya tembo pembezoni. Desmodiamu hukizuia kiduha, na harufu yake huwafukuza nondo wanaozaa bungua wa mabua. Majani ya tembo huwavuta nje. Yote mawili ni malisho ya ng'ombe. Mbegu ya desmodiamu si rahisi kuipata, sitawadanganya.

Jumamosi alfajiri tutaanza na shamba la shule, kisha tushuke mpaka bondeni. Leteni magunia kuliko majembe.