Hatifungani za Shule Mbele ya Mpigakura wa California

Katika jimbo la California, Marekani, wilaya ya shule inayotaka kukarabati madarasa yake hukopa kwa kuuza hatifungani, yaani hati za deni ambazo mnunuzi wake hurejeshewa fedha pamoja na riba kwa miaka mingi, na kwa kuwa deni hilo hulipwa kwa kodi ya ardhi na majengo, wenye kauli ya mwisho ni wapigakura wenyewe. Hadi mwaka 2000 zilihitajika theluthi mbili za kura, kiwango kilichowawezesha wachache kuzima matakwa ya wengi. Ndipo Pendekezo la 39, lililopitishwa na wapigakura wa jimbo mwaka huo, likakishusha hadi asilimia 55, kwa masharti kwamba miradi iorodheshwe mapema, fedha hizo zisilipe mishahara ya walimu, na kamati huru ya wananchi ifuatilie matumizi. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito zaidi, kwa maana mwenye nyumba asiye na mtoto shuleni, ambaye naye hutozwa kwa kiwango kilekile cha mzazi, hushawishika kwa hesabu zilizo wazi kuliko kwa picha za paa linalovuja. Chini ya utaratibu huo, Novemba 2024, wapigakura wa wilaya ya shule ya Los Angeles waliidhinisha hatifungani za dola bilioni 9.