MAZUNGUMZO JUU YA BIBI TULIA ACKSON, MWANASHERIA WA TUKUYU

Machifu, waalimu na jamaa wote wa Rungwe, leo twapenda kuzungumza juu ya mtoto wa nchi hii, Bibi Tulia Ackson, aliyezaliwa Tukuyu mwaka 1976. Elimu aliifuata mbali: kwanza Loleza mjini Mbeya, kisha Zanaki huko Dar es Salaam, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikosomea sheria, hata mwaka 2007 akapata udaktari wa sheria katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Kazi yake ilikuwa kufundisha sheria.

Mwaka 2015 mambo yalikwenda mbio. Septemba alifanywa Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Novemba Rais Magufuli alimteua kuwa mbunge, na Bunge likamchagua kuwa Naibu Spika. Hapa twataka kukaa kidogo, maana kazi hizi mbili hazifanani hata kidogo. Mwanasheria wa Serikali humsemea mmoja; mwenye kiti cha Spika hugawia wote zamu ya kusema. Ninyi Machifu mwaujua uzito huo: mtu aliyeshindwa shauri la shamba la migomba huuliza kwanza kama alisikilizwa.

Mtihani ulikuja upesi. Mwezi wa Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa Chuo Kikuu cha Dodoma walirudishwa makwao. Mbunge wa upinzani aliomba shughuli zisimamishwe ili jambo hilo lizungumzwe. Naibu Spika akakataa. Basi wabunge wa upinzani wakawa wakitoka nje kila alipokalia kiti. Wengine walisema amefuata kanuni, wengine kwamba ameipendelea Serikali. Sisi twaona kanuni humpa mwenye kiti ruhusa ya kukataa, lakini haiwarudishi ndani watu waliotoka.

Mwaka 2020 alitangazwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini, na tarehe 1 Februari 2022 akapata kura zote 376 za kuwa Spika, kiti alichokishika hata mwaka 2025. Oktoba 2023, mjini Luanda, Umoja wa Mabunge Duniani, ulioanzishwa mwaka 1889, ulimchagua kuwa Rais wake, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika. Huko kura ziligawanyika: alipata 172 katika 303, na walioshindana naye walikuwa wanawake watatu, wa Malawi, Senegal na Somalia.