Anayeamua Dhamana ni Nani?

Msikilizaji, ukiingia Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, jijini Dar es Salaam, siku inayotajwa kesi kubwa, utasikia maneno yaliyozoeleka. Mshtakiwa hutakiwi kujibu lolote, mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza shauri lako. Kosa lako halina dhamana. Upelelezi haujakamilika. Kesi inaahirishwa. Karandinga linarudi Keko au Segerea, na baada ya wiki mbili hivi maneno ni yale yale.

Hapo hakuna aliyeuliza mtu huyu anaishi wapi, anategemewa na nani, au kama aliwahi kuruka dhamana. Hakuna aliyemtaka wakili wa Serikali aeleze kwa nini asirudi nyumbani. Huku Tanzania Bara, kwa makosa kama mauaji, uhaini, ugaidi, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imekwisha kuamua, katika kifungu ambacho mawakili wetu wamekizoea kwa namba 148(5). Hakimu anabaki kusoma tu.

Na hati ya mashtaka anaiandika nani? Upande wa mashtaka. Mhasibu anayedaiwa kukwepa kodi, akiongezewa shtaka moja la utakatishaji, amefungiwa mlango sawasawa na anayedaiwa kuua. Mwanasiasa wa upinzani Freeman Mbowe alikamatwa Mwanza Julai 2021, akashtakiwa kwa makosa ya ugaidi, akakaa ndani mpaka Machi 2022, Mkurugenzi wa Mashtaka alipoiondoa kesi. Miezi zaidi ya saba, na hukumu haikusomwa. Yeye ana jina, tulimsikia. Mahabusu zetu zimejaa wasiosikika, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wenzetu wa Kenya walikuwa na kanuni kama yetu. Kabla ya Katiba ya 2010, aliyeshtakiwa kwa mauaji hakuwa na dhamana. Ibara ya 49 ikageuza mambo: kila aliyekamatwa ana haki ya kuachiwa kwa masharti ya haki, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia. Mzigo wa kuzionyesha ukawekwa mabegani mwa upande wa mashtaka. Mpelelezi anakula kiapo na kueleza: huyu atatoroka, huyu amewatisha mashahidi, huyu akirudi kijijini watu watamdhuru. Afisa wa probesheni anatumwa kuuliza majirani na familia, ya mshtakiwa na ya marehemu. Uzito wa kosa na nguvu ya ushahidi vinapimwa pia, maana anayekabiliwa na adhabu ya kifo ana sababu ya kukimbia. Kisha jaji anaamua na kutoa sababu zake. Akimwachia, anaweza kumtaka akabidhi pasipoti, alete wadhamini, aripoti polisi, asikanyage eneo la mashahidi.

Kesi ya mauaji ya Monica Kimani, aliyeuawa Nairobi Septemba 2018, inaonyesha upimaji huo. Washtakiwa walikuwa wawili, shtaka moja. Mahakama ilimpa dhamana mtangazaji Jacque Maribe na kumnyima Joseph Irungu, ambaye aliipata baadaye, Februari 2020. Kesi iliendelea hadi Februari 2024, Maribe akaachiwa huru, Irungu akatiwa hatiani. Kama ingekuwa sheria yetu, wote wawili wangesubiri ndani, hata yule aliyeonekana hana hatia.

Ndugu wa marehemu wana hoja, na sitaipuuza. Kumwona anayedaiwa kumuua mwanao akipita sokoni ni uchungu, na kijijini shahidi anaishi nyumba ya pili. Lakini hofu hiyo ndiyo hasa inayotakiwa kusikilizwa mahakamani, kwa ushahidi, mtu kwa mtu. Sheria ya jumla haimuulizi hata mama wa marehemu kama anaogopa.

Mahakama zetu zimeligusa jambo hili. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kipengele kimoja cha zuio la dhamana kinapingana na Katiba. Mei 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama Kuu ikasema hivyo kuhusu kifungu cha 148(5). Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua, ikaona kifungu hakivunji Katiba. Naiheshimu hukumu hiyo. Ila haikulizuia Bunge kurekebisha sheria.

Ninaloliomba Bunge ni hili. Orodha ya makosa yasiyo na dhamana ifutwe, na wakili wa Serikali anayetaka mtu abaki mahabusu alete sababu zake kwa kiapo, mshtakiwa azijibu, hakimu au jaji aamue kwa maandishi. Anayenyimwa awe na haki ya kurudi kuomba hali ikibadilika. Shahidi aliyehofiwa kutishwa akishapanda kizimbani akamaliza kutoa ushahidi wake, mahakama iulizwe upya kama ile sababu bado ipo.