Tusome Leseni ya Fundi Kabla ya Kuwasha Taa

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo)



Leo hatutazungumza juu ya mbolea wala choo bora. Tutazungumza juu ya umeme. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo zimefika katika vijiji vingi vilivyojua kibatari tu. Hilo ni jambo jema. Lakini umeme hausamehi kosa, na makosa mengi huanza siku tunapomchagua fundi.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Tulipotaka taa katika banda letu la kisomo, tulimwita kijana wa hapa hapa. Ni mtoto wetu, mikono yake ni myepesi, na bei yake nafuu. Kumwuliza leseni tuliona aibu. Akatuletea fomu, tukatia sahihi. Taa zikawaka, tukapiga makofi.

Mvua za masika zilipokuja, mama mmoja alishika fremu ya chuma ya dirisha, akatupwa chini. Tunashukuru Mungu, alipona. Fundi mwingine alipokagua alikuta waya umechubuka na kugusa chuma, tena hapakuwa na waya wa ardhini, ule ambao mafundi huuita ethi. Tukaitafuta ile fomu. Loo! Jina na namba ya leseni vilikuwa vya mtu ambaye hajakanyaga kijiji hiki. Namba iliazimwa. Jamani, banda zima la watu wanaojua kusoma, na hakuna aliyesoma jina!

Basi, tusome pamoja sheria inavyotaka.

Kwanza, leseni. Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataka anayefunga umeme katika majengo awe na leseni. Inayotoa leseni hizo ni Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA. Leseni zina madaraja ya herufi, kama A, B, C, D na W. Daraja A ndilo pana kuliko yote. Kila daraja lina mpaka wake wa kazi, na leseni ina tarehe ya kwisha. Kwa hiyo tusome mambo manne: jina, namba, daraja na tarehe. Jina likiwa si la mtu aliyesimama mbele yako, simamisha kazi. Anayeazima namba ya mwenzake ni kishoka tu, hata akiwa mpwa wako.

Pili, usajili wa mkandarasi. Kufunga taa katika nyumba ya vyumba viwili ni kazi moja, na kuchukua mkataba wa shule au zahanati ni kazi nyingine. Anayefanya biashara ya ukandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1997. Pia awe na namba ya mlipa kodi na leseni ya biashara. Wajumbe wa serikali ya kijiji, karatasi hizo mzione kabla ya kutoa malipo ya kwanza. Baada ya ajali, karatasi hazitafuti hasara.

Tatu, bima. Hapa wengi huchanganya. Fundi mwenye vibarua ni mwajiri. Mwajiri hutakiwa kujiandikisha katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Mchango ni wa mwajiri mwenyewe, si ruhusa kumkata mfanyakazi. Kibarua akianguka kutoka kwenye ngazi kazini, Mfuko ndio wa kumhudumia. Lakini Mfuko huo haujengi nyumba yako ikiungua. Kwa hasara ya mwenye nyumba au ya jirani iko bima ya dhima, ambayo mkandarasi hununua kwa kampuni ya bima iliyosajiliwa. Kwa kazi kubwa, iandikeni katika mkataba, kisha ombeni kuiona hati yenyewe. Neno la mdomo si bima.

Nne, ukaguzi. Umeme wa majumbani ni wa volti 230, nao unatosha kuua. Kabla ya kuwashwa, waya hupimwa. Mwulize fundi: ethi iko wapi? Sakitibreka inakata ikijaribiwa? Waya wa soketi ni mnene kuliko wa taa? Kwa kawaida wa taa ni milimita za mraba 1.5, na wa soketi ni 2.5. Fundi mzuri hakasiriki akiulizwa.

Sasa mtasema, "Je, yule kijana wetu tumfukuze?" Hapana. Tulimwita, tukazungumza naye kama wazazi. Tulimwambia, "Mwanetu, mkono unao, cheti huna." Mamlaka ya VETA ina mpango wa kuupima na kuutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kupita darasani. Tukamsaidia kuandika barua ya kuulizia. Akipata cheti, ndipo ataomba leseni kwa jina lake mwenyewe. Kwa sasa anafanya kazi chini ya fundi mwenye leseni. Na yule mama aliyeanguka ndiye aliyemwazima nauli ya kwenda mjini.

Ndugu zetu, wako wanaosema karatasi ni usumbufu wa watu wa ofisini. Sisi tuliamini hivyo mpaka siku ya mvua. Tulijifunza kusoma ili tusidanganywe kwenye mizani ya pamba. Basi tusidanganywe kwenye waya. Jioni ya leo kila mmoja akatafute fomu ya umeme wa nyumba yake, asome jina la fundi. Kama halijui, aje tuonane.

Kusoma ni kinga.